Kabla Hujaipeleka Kamera kwa Fundi: Dhana Potofu za Wanaoanza

“Picha zinatoka nyeusi, kamera imekufa.”
Tazama kwanza kile kipimo kidogo chini ya skrini chenye alama za kujumlisha na kutoa. Huenda kimebaki -2 tangu mwenzako aliyeiazima, na kwenye kamera nyingi kuzima na kuwasha hakukirudishi sifuri.

Kama kiko sifuri na picha bado ni nyeusi, mara nyingi shida ni namna kamera inavyopima mwanga. Haijui imeelekezwa wapi. Kimsingi hukichukulia kila kilicho mbele yake kuwa cha kijivu cha wastani, chenye kurudisha takribani asilimia 18 ya mwanga. Sasa mpige bi harusi, gauni jeupe limejaa fremu nzima. Kamera itaona mwanga umezidi na kuupunguza: gauni litoke la kijivu, uso nao uzame gizani. Mwenye ngozi nyeusi ndiye anayeumia zaidi. Panda hadi +1, piga tena, angalia uso kwanza, gauni baadaye. Bwana harusi wa suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, shuka. Wanaoanza wengi hufanya kinyume, kwa sababu akili inawaambia cheupe kina mwanga wa kutosha tayari.

“ISO ikizidi 400 picha imeharibika.”
ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga; ikiwa kubwa huleta chenga, yaani vidoadoa kwenye picha, hilo halina ubishi. Lakini ng’ang’ania ISO 100 ukumbini usiku, na shata, yaani pazia la ndani linaloruhusu mwanga kuingia, italazimika kukaa wazi muda mrefu. MC akigeuka tu, ana vichwa viwili. Chenga hupunguzwa kwenye kompyuta, na kwenye picha ndogo ya kuchapa hata hazionekani. Iliyotikisika ndiyo basi tena. Mimi nitachagua ISO 3200 bila kufikiri mara mbili.

Na usitegemee kitulizi cha lenzi hapo. Kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mtoto anayekimbia. Huyo anataka shata ya 1/500 ya sekunde.

“Kuna mistari myeusi kwenye picha, sensa imeungua.”
Ikiwa mistari hutokea ndani tu, lawama ni ya taa, si ya sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, hivyo tyubu na taa nyingi za LED za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila shata ya haraka huukamata mwako nusunusu, hasa ile ya kielektroniki isiyotoa mlio. Shusha hadi 1/100 au 1/50. Kama kamera uliletewa na ndugu kutoka Marekani, fungua menyu ya video pia: yaelekea imewekwa NTSC, mfumo wa nchi za hezi 60. Badili iwe PAL, urekodi kwa fremu 25 kwa sekunde.

“Flashi itamulika ukumbi wote.”
Nguvu ya flashi ndogo ya juu ya kamera mara nyingi ni namba 12 hivi kwa ISO 100. Igawanye kwa namba ya tundu la lenzi: kwenye tundu la f/4, 12 kwa 4 ni mita 3, ndio umbali ambao mwanga wake unafika. Anayewasha flashi kutoka safu ya nyuma anapiga picha za visogo.

“Nikichungulia naona ukungu, lenzi mbovu.”
Je, picha zenyewe ni safi? Basi zungusha kile kigurudumu kidogo kando ya tundu la kuchungulia mpaka tarakimu za ndani zisomeke vizuri. Ni cha kurekebishia jicho lako, na huzunguka chenyewe kikisuguana na begi. Kama kamera haifokasi kabisa, angalia swichi ya AF (kamera hufokasi yenyewe) na MF (unafokasi kwa mkono) ubavuni mwa lenzi, kisha rudi nyuma kidogo: lenzi ya milimita 18-55 kwa kawaida haishiki kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 25 hivi.

“Megapikseli 12 hazichapiki.”
Karatasi ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji takribani 8.7 tu.

“Nikirudisha mipangilio ya kiwandani nitapoteza picha.”
Hupotezi. Hatua hiyo hurudisha mipangilio tu, na ni njia nzuri ukishapotea kwenye menyu. Kinachofuta kadi ni palipoandikwa *Format*, kwa hiyo soma kabla ya kubonyeza OK.