Grafu ya Kwadratiki Inapokata Mhimili wa x: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana inayowaponza wengi ni kwamba mlinganyo wa kwadratiki, yaani ule ambao kipeo chake kikubwa ni x², ukishakuwa katika mabano, kazi imekwisha. Mwanafunzi wa kidato cha pili, awe Mbeya au Iringa, akipewa (x − 3)(x + 2) = 6 huandika upesi x − 3 = 6 na x + 2 = 6, akapata 9 na 4. Jibu la 4 ni sahihi kwa bahati tu, na bahati ya namna hii ndiyo inayolilea kosa. Ukweli ni kwamba namba mbili zikizidishwa na kuleta sifuri, lazima mojawapo iwe sifuri. Sita haina sifa hiyo, kwani hupatikana kwa 2 × 3, kwa 12 × ½ na kwa njia nyingine zisizo na mwisho. Inabidi kufungua mabano na kuhamisha sita, tupate x² − x − 12 = 0, yaani (x − 4)(x + 3) = 0, ndipo ionekane kwamba grafu ya y = x² − x − 12 inakata mhimili kwenye 4 na −3.

Wapo pia wanaogawanya x² = 5x kwa x na kubaki na 5 pekee. Kugawanya hivyo ni kudhani kimyakimya kwamba x si sifuri, ilhali sifuri nayo ni jibu.

Wengine, badala ya kuweka y = 0 ili kupata sehemu grafu inapokata mhimili wa x, huweka x = 0; hapo hupatikana sehemu inapokatwa mhimili wa y.

Si kweli, vilevile, kwamba grafu ya mlinganyo usioandikika katika mabano yenye namba nzima haikati mhimili wa x: x² − 2x − 1 = 0 huleta takriban 2.41 na −0.41. Mlinganyo ukiandikwa ax² + bx + c = 0, kinachoamua ni b² − 4ac, ambayo ikiwa chanya grafu hukata mara mbili, ikiwa sifuri hugusa mara moja, na ikiwa hasi, kama katika x² + 2x + 5, haifiki kabisa.

Mwisho, jibu hasi hufutwa ovyo. Tuseme kipande cha shamba la viazi mviringo huko Uyole kina mita za mraba 180, na urefu wake unazidi upana kwa mita 3. Upana ukiwa w, mlinganyo w² + 3w − 180 = 0 una majibu 12 na −15. Likiulizwa swali la upana, −15 inaachwa, kwa kuwa hakuna shamba lenye upana hasi. Likiulizwa la grafu, yote mawili yaandikwe.