Je, wajua kwa nini mawe ya Njia ya Jitu yana pande sita?

Kwenye pwani ya Antrim, Ayalandi ya Kaskazini, kuna nguzo za mawe zipatazo 40,000 zilizosimama bega kwa bega, zikishuka ngazi kwa ngazi hadi kuzama baharini. Ukizikanyaga unaona umbo moja likijirudia chini ya miguu yako, kama sega la nyuki lililogeuka jiwe. Mahali hapo panaitwa Giant's Causeway, yaani Njia ya Jitu, na tangu 1986 ni Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Hadithi yake ni tamu. Fionn mac Cumhaill, jitu la Ayalandi, alitambiana na Benandonner, jitu la Uskoti, akapanga mawe kuvuka bahari ili wakapambane. Alipomwona mwenzake kwa mbali alishikwa na hofu, akarudi nyumbani mbio. Mkewe, Oonagh, akamviringishia nguo za kitoto na kumlaza kitandani mwa mtoto. Benandonner alipofika na kumkuta “mtoto” wa ukubwa ule, akawaza baba mtu yukoje, akatimua mbio huku akiibomoa njia nyuma yake. Ndiyo maana, husema wasimulizi, zimebaki ncha mbili tu: moja Antrim, nyingine kisiwa cha Staffa huko Uskoti, ambako kweli kuna nguzo za namna hiyohiyo. Katika masimulizi ya kale, lakini, Fionn si jitu bali kiongozi wa wapiganaji waitwao Fianna. Hata jina la Kiayalandi la mahali hapo, Clochán na bhFómharach, halimtaji yeye. Linawataja Wafomori, viumbe wa kutisha wa ngano za Ayalandi.

Tuje kwenye pande sita. Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu: ni fuwele, yaani kitu kigumu ambacho atomu zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia. Chembe ya chumvi ya mawe ina umbo la mchemraba kwa sababu ya jinsi atomu zake zinavyojipanga. Basi nikaamini kwamba jiwe la Antrim nalo limezaliwa na asili ya kuwa na pande sita. Nilikosea, na kosa hilo lina historia ndefu. Katika karne ya 18 wako wasomi walioamini kwamba mawe ya aina hii yaliganda kutoka katika maji ya bahari, kama chumvi inavyobaki maji yakikauka. Mchoraji Susanna Drury wa Dublin alizichora nguzo hizo kwa uangalifu mkubwa karibu na 1740, na nakala za picha zake zikaenea Ulaya. Mfaransa Nicolas Desmarest, aliyekuwa amechunguza nguzo kama hizo katika volkeno zilizozimika za Ufaransa, aliziona picha hizo akatambua kwamba jiwe ni lilelile: lava, yaani mawe yaliyoyeyuka yakamwagika kutoka ardhini.

Ushahidi unaoliangusha wazo la fuwele unaonekana kwa macho. Hesabu pande za nguzo moja baada ya nyingine. Nyingi zina sita, ndiyo, lakini za tano na za saba ni za kawaida, na ziko hata za nne na za nane. Fuwele haibadilishi umbo kwa jirani namna hiyo. Umbo la nguzo halikutoka ndani ya jiwe. Lilichorwa na nyufa.

Yapata miaka milioni 60 iliyopita lava ilimwagika na kutuama bondeni. Ilipopoa ilisinyaa, kama tope la bwawa linavyosinyaa jua likiwaka. Safu ya juu inataka kujikunja, lakini imeshikamana na safu ya chini ambayo bado ni ya moto. Inavutwa huku na huku mpaka inapasuka.

Mwanzoni nyufa huwa ovyo, na ufa mpya mara nyingi hugonga wa zamani kwa pembe ya mraba, kama katika tope. Ila nyufa za lava haziishii juu. Zinafuata ubaridi kwenda chini, hatua kwa hatua, na kila hatua ni nafasi ya kujirekebisha. Fikiria watu watatu wanaovuta pete moja kwa kamba tatu, kwa nguvu sawa. Pete itayumba, kisha itatulia pale tu kamba zikiachana sawasawa, kwa pembe ya nyuzi 120 kila upande. Nyufa tatu zinapokutana huelekea kwenye mpangilio huohuo, na pembe za nyuzi 120 zikiungana zinatoa pande sita. Ubavuni mwa baadhi ya nguzo kuna mistari ya mlalo. Kila mstari ni hatua moja ya ufa.

Jaribio lililochapishwa 2018 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool lilionyesha kwamba lava ya aina hii hupasuka ikiwa na joto la nyuzi 840 hadi 890 za Selsiasi, yaani ikiwa tayari imeganda lakini ingali moto mkali. Namna hasa ufa unavyogeuza pembe yake bado inajadiliwa. Msaada mkubwa umetoka jikoni: ukikoroga wanga wa mahindi na maji, ukauacha chini ya taa ukauke taratibu, ndani yake zinajitokeza nguzo zilezile, nyembamba kama njiti. Wanga unakauka, haupoi, hivyo si lava kamili. Hata hivyo kanuni moja inafanana: ukikauka upesi nguzo huwa nyembamba, na ukikauka polepole huwa nene, kama ilivyo kwa lava inapopoa upesi au polepole.