Unene wa kupita kiasi kwa watoto: shule zetu Kisumu zifanye nini? Maswali na majibu

Maswali haya ni ya wazazi na walimu wa Kisumu na viunga vyake, wale ambao watoto wao hupita kila asubuhi kando ya vikaango vya mandazi wakielekea darasani. Yamejibiwa kwa lugha ya kawaida, ili mtu aweze kwenda nayo kwenye mkutano wa wazazi.

Huku kwetu kuna watoto wanaolala njaa. Mbona tuzungumzie unene?

Kwa sababu yote mawili yapo, na mara nyingi yanakaa mtaa mmoja. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano, 18 wamedumaa na 3 wana uzito uliozidi. Ukitazama hao wadogo peke yao, utasema unene si tatizo. Lakini uzito huongezeka baadaye, mtoto akishaanza shule na kupewa hela za matumizi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 1990 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 waliokuwa na uzito uliozidi walikuwa asilimia 8 duniani kote. Kufikia 2022 walikuwa asilimia 20, yaani zaidi ya milioni 390.

Nyumba moja yaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mwingine aliyenenepa kupita kiasi, na chanzo kikawa kilekile: chakula rahisi kinachojaza tumbo bila kuujenga mwili. Ndiyo maana mpango mzuri wa shule huwafaa wote wawili. Sahani yenye maharagwe, mboga na omena humsaidia mwembamba na mnene pia.

Nitajuaje kama mwanangu amezidi? Mimi naona ana afya tu.

Macho hudanganya, hasa pale ambapo mashavu ya mtoto yakijaa majirani humsifu mama. Kipimo chenyewe hutaka uzito na urefu. Chukua kilo zake, ugawe kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kisha jibu hulinganishwa na jedwali la watoto wa umri huo na jinsia hiyo, wala si na kiwango cha watu wazima.

Tuchukue mtoto wa miaka 10 mwenye kilo 45 na urefu wa mita 1.40. Jibu lake ni takriban 23. Kwa mtu mzima, 23 ni uzito wa kawaida kabisa. Kwa mtoto wa miaka 10, awe mvulana au msichana, tayari amevuka mstari wa unene uliokithiri kwenye jedwali la Shirika la Afya Duniani. Wazazi wengi hutulizwa na hesabu hii kwa kuisoma kwa kipimo cha watu wazima. Peleka namba zako kliniki usomewe jedwali sahihi.

Si atapungua akirefuka?

Wengine hupungua. Wengi walio na unene uliokithiri hawapungui, huingia nao utu uzimani. Na madhara hayangoji hadi wakue: presha, kisukari cha aina ya pili, mafuta kwenye ini, maumivu ya magoti na nyonga, kukoroma na kukatikakatika kwa pumzi usingizini. Ongeza kuchekwa na wenzake, jambo ambalo humfanya mtoto ajitenge na michezo, na hapo uzito huzidi kupanda.

Kulisha mtoto ni kazi ya mzazi. Shule inaingiaje?

Hebu tuhesabu saa. Mtoto wa shule ya kutwa huingia saa moja na kitu asubuhi, akatoka saa kumi au zaidi. Chai ya saa nne yuko shuleni. Chakula cha mchana yuko shuleni. Akitoka, kitu cha kwanza kukutana nacho ni meza ya smoki, chipsi, ice na peremende langoni. Mzazi aliyemfungia mtoto ndizi na njugu anashindana na meza hiyo bila yeye mwenyewe kuwepo. Si haki kumwachia peke yake.

Lakini lazima tuseme ukweli kuhusu kinachofanya kazi. Cochrane, taasisi inayokusanya na kupima tafiti za afya, ilitoa mwaka 2024 mapitio kuhusu watoto wa miaka 5 hadi 11, na sehemu kubwa ya majaribio yaliyochunguzwa yalifanyika shuleni. Mipango ya mazoezi, au mazoezi pamoja na lishe, ilileta nafuu ndogo ya uzito. Ile iliyoshughulikia chakula peke yake haikubadilisha kitu cha kutajika. Nafuu ni ndogo kwa mtoto mmoja mmoja, nami nisingependa mtu auziwe ndoto. Hata hivyo, ukiisambaza kwa watoto wote wa kaunti, ndogo hiyo si haba. Na inatuonya: kubandika bango la matunda ukutani, kisha kukaa, ni kupoteza karatasi.

Basi mpango wenyewe unakuwaje?

Uanze na kipindi cha michezo. Kiko kwenye ratiba tayari, ila mitihani ikikaribia kipindi hicho ndicho cha kwanza kunyang'anywa na hisabati. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za mwili kuchemka, moyo upige na jasho litoke. Kipindi kimoja hakiwezi kufikisha dakika hizo, kwa hiyo mapumziko nayo yahesabiwe: kuruka kamba, kati, kandanda, ngoma za asili. Mwaka 2012 shule moja ya msingi huko Stirling, Scotland, ilianza kuwatoa watoto wote nje kila siku dakika 15, wakimbie au watembee kwa kasi yao, na sare zao hivyo hivyo. Hakuna vifaa, hakuna mashindano, hakuna wa mwisho. Wazo hilo limesambaa nchi nyingi kwa sababu halina gharama, na sioni kinachoizuia shule ya Kondele au Ahero kulifanya kesho asubuhi kabla jua halijawa kali.

Kisha maji. Soda ya mililita 300 ina karibu vijiko 8 vya chai vya sukari. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa ingefaa isizidi vijiko 6 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na mtoto mdogo apate chini ya hapo. Chupa moja imeshapita. Juisi za unga na za pakiti nazo si afadhali. Mtoto akikosa maji safi shuleni atanunua kitu kitamu cha kunywa, hivyo tangi lenye bomba linalofanya kazi na maji yaliyotibiwa ni kinga ya unene, na ya kipindupindu pia.

Sasa lile gumu, meza za langoni. Suluhisho la haraka ni kuwafukuza akina mama wanaouza. Silipendi. Wengi wao wana watoto katika shule hiyohiyo, na meza ndiyo karo. Mwalimu mkuu na chama cha wazazi wawaite, wakae nao, wakubaliane: mahindi ya kuchemsha, viazi vitamu, mayai, njugu karanga, ndizi, maembe na mapapai ya msimu viwe mbele, vya kukaangwa vipungue, soda na peremende zisiuzwe saa za masomo. Vitu hivi vinapatikana sokoni Kibuye asubuhi, na faida ipo. Kantini ya ndani ifuate kanuni hiyohiyo, maana shule haiwezi kumwambia mama wa nje aache soda huku yenyewe inaiuza dirishani. Chile ilipitisha njia hii kisheria. Tangu 2016, vyakula vyenye alama ya onyo kwa kuzidi sukari, chumvi, mafuta au kalori haviruhusiwi kuuzwa shuleni.

Na chakula cha mchana. Githeri, au nyoyo kama tunavyoiita huku, ni msingi mzuri ikiwa maharagwe ni ya kutosha, si mahindi matupu yenye maharagwe ya kuhesabu. Kinachokosekana sahani nyingi ni mboga. Mnavu, saga, mrenda na kunde ni mboga za hapahapa, na bustani ya shule inaweza kuzitoa kwa wiki chache mvua ikinyesha. Omena, ikiliwa nzima, huleta protini na kalisi kwa bei ambayo nyama haiwezi kuikaribia. Brazil, kwa sheria ya mwaka 2009, iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo. Ningetamani sana kuona kaunti za magharibi zikijaribu jambo kama hilo na wakulima wa Vihiga na Nyando.

Shule yetu iko kwenye jengo la kupanga mtaani. Hatuna uwanja.

Shule za namna hii ni nyingi Manyatta na Nyalenda. Ua mdogo unatosha kuruka kamba na kucheza ngoma kwa zamu, darasa moja baada ya jingine. Ndani ya darasa, dakika tano za kusimama na kujinyoosha katikati ya vipindi viwili zinawezekana. Pia ombeni shule jirani yenye uwanja siku moja kwa wiki. Na watoto wanaokaa karibu watembee kwenda shule, wakubwa wakiwasindikiza wadogo pale barabara ilipo salama, badala ya kubebwa na boda kwa mwendo wa dakika kumi.

Je, walimu wawapime watoto na kuwatenga wanene wapewe chakula chao?

Hapana. Kupima kufanyike faraghani, na mtu aliyefundishwa, na matokeo aambiwe mzazi peke yake. Mtoto asiitwe kibonge darasani, si na wenzake wala na mwalimu. Asikimbizwe kuzunguka uwanja kama adhabu, kwani atajifunza kuchukia mazoezi maisha yake yote. Wala asinyimwe chakula. Mwili unaokua unahitaji lishe, na kwa watoto wengi lengo ni uzito utulie huku urefu ukiongezeka. Yanayobadilika yabadilike kwa wote: maji kwa wote, mboga kwa wote, mchezo kwa wote.

Nyumbani je?

Punguza sukari ya chai kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko. Pima mafuta ya kupikia kwa kijiko, usimimine. Usimtuze mtoto kwa soda akifaulu mtihani. Zima runinga na simu mapema. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na asiyelala vya kutosha huongezeka uzito kwa urahisi zaidi.

Mzazi mmoja aanzie wapi?

Kwenye mkutano ujao wa wazazi, omba mambo mawili yaandikwe kwenye kumbukumbu: kipindi cha michezo kisifundishiwe somo lingine, na soda isiuzwe ndani ya shule. Yote mawili hayahitaji bajeti. Likikubaliwa hata moja, rudi muhula unaofuata na suala la maji na mboga, ambalo hela zitahitajika na bodi ya shule itabidi ihusishwe.

Ni lini nimpeleke hospitali?

Mpeleke kituo cha afya akapimwe ikiwa uzito unapanda haraka kuliko wenzake, ikiwa anakoroma sana na kusinzia darasani, au ngozi ya shingo na makwapa imekuwa nyeusi na nene, isiyotoka kwa kusuguliwa. Hiyo si uchafu, huenda ni dalili kwamba insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, haifanyi kazi vizuri. Akianza kuchechemea au kulalamika maumivu ya nyonga au goti, mpeleke siku hiyohiyo. Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara usiku na kupungua ghafla bila sababu ni dalili za kisukari, nazo zisingoje kesho. Akiongeza kutapika, kupumua kwa kasi au kulegea, mkimbize hospitali hata kama ni usiku wa manane.