Chai Kutoa Rangi Haraka Si Dalili ya Ubora

Wasafiri wengi huamini kwamba kifuko cha chai kinachotoa rangi nzito papo hapo kina majani bora. Sivyo. Kipasue utazame ndani: kwenye vile vya bei rahisi mara nyingi utakuta vumbi, yaani chembe zilizobaki baada ya majani makubwa kuchekechwa. Kwa kuwa ni ndogo mno, maji huzipenya upesi, rangi na ukali vikatoka kwa pamoja, lakini harufu nzuri ilishapotea zamani. Kukikamua kwa kijiko huongeza ukakasi tu. Maji nayo yana lawama, tena kubwa: chai nyeusi hutaka yanayochemka, karibu nyuzijoto 100, si ya chupa iliyokaa tangu alfajiri. Safirini na majani yenu na kichujio kidogo.