Je, wajua kwa nini dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu, huhesabu sarafu ambayo haijatumbukizwa?

Msimu wa korosho unapofunguliwa na fedha za mnada kuanza kuingia mifukoni, dubwi lililowekwa kwenye kona ya baa kule Masasi au Newala halipumziki. Jioni mwenye mashine hufungua kufuli, na pengine akakuta kihesabio cha mashine kinasoma kwamba zimeingia sarafu 300 za shilingi 200, ilhali akijumlisha zilizomo na zilizolipwa kwa washindi anapata 210 tu. Kufuli ni zima, kasha halina mkwaruzo, na shilingi 18,000 hazikuwahi kuwapo. (Wapo watakaosema kwamba aliyeibiwa hapo naye ni mnyang'anyi, wala sina haja ya kuwabishia.)

Jambo hili linawezekana kwa sababu bodi ya dubwi, yaani sakiti inayoliendesha, haioni sarafu kabisa. Sarafu hupita kwenye kipokezi, ambako koili (waya uliozungushwa mara nyingi) huilinganisha na sarafu ya mfano iliyobanwa ndani. Zikifanana, kipokezi hutuma kwenye bodi mpigo mmoja wa umeme, mara nyingi wa milisekunde 30 hadi 100, na bodi huongeza pointi. Kwa hiyo mpigo wowote utakaofika kwenye waya ule, hata ukitoka nje ya kasha, bodi huupokea kama malipo.

Mwizi hutumia mwanya huo: kifaa chake hurusha mawimbi makali ya sumakuumeme kwa muda mfupi sana, na waya mrefu ulio karibu hugeuka antena. Anayesikiliza redio ya AM barazani ameshakutana na jambo hilo bila kulitafuta: bodaboda ikipita, redio hukwaruza, kwa kuwa cheche za plagi yake zimedakwa hewani.

Kinga basi huanzia kwenye waya. Fundi mwangalifu huufupisha, huusokota pamoja na mwenzake ili kelele za umeme zilizodakwa ziondoane, huuvisha pete ya feraiti inayozipunguza, kisha huweka kapasita ndogo ya kumeza mipigo mifupi. Programu nayo hufanywa iwe na shaka: mpigo usiofikia urefu wa kawaida hukataliwa, na mipigo inayofuatana upesi kuliko sarafu zinavyoweza kuanguka huifunga mashine. Zipo pia bodi ndogo za tahadhari zenye antena yake, ambazo hupiga king'ora pindi zinapohisi mawimbi hayo. Kwa maoni yangu, kinga iliyo bora zaidi ni kipokezi kinachotuma ujumbe wenye namba za uhakiki badala ya mpigo mtupu, kwa maana cheche haiwezi kubuni ujumbe kama huo, ingawa madubwi ya bei nafuu hayana kipokezi cha namna hiyo.

Michael Faraday alionyesha mwaka 1836 kwamba kasha la chuma lililozibwa pande zote huzuia umeme wa nje usiingie ndani. Kasha la mbao halina uwezo huo mpaka lipigwe bati kwa ndani, na bati hilo huunganishwa na ethi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini. Mtwara na Lindi kazi hii ina ugumu wake: mchanga mkavu hupitisha umeme kwa shida, hivyo nondo ya ethi hushindiliwa mpaka ifikie udongo wenye unyevu, na kwa kuwa upepo wa bahari huleta chumvi, kiungo cha waya na nondo husuguliwa kutu na kukazwa upya mara kwa mara.