Kutembea mitaa ya zamani bila mtembezaji, mambo tunayoyaamini na sio kweli

Kuna watu wanasema bila mtembezaji wa watalii hutaambulia kitu kwenye mitaa ya nyumba za zamani. Jamani hapana. Mengi yako wazi ukutani, shida ni tunaangalia usawa wa macho tu, na huko chini ndo kumebadilishwa sana, wameweka maduka, vioo, mageti. Vuka barabara, simama upande wa pili uinue kichwa, madirisha na nakshi za mwanzo mara nyingi ziko juu.

Eti mwaka uliochongwa mlangoni ndo mwaka wa ujenzi. Si lazima. Scotland kuna nyumba zina jiwe lenye herufi za majina ya mume na mke pamoja na mwaka, na mara nyingi huo ni mwaka wa ndoa yao.

Halafu hii ya Uingereza, kwamba kila dirisha lililozibwa ni sababu ya kodi ya madirisha. Kodi ilikuwepo kweli, kuanzia 1696 mpaka 1851, na watu waliziba kweli kuikwepa. Ila mengine hayajawahi kuwa madirisha, fundi aliacha kijishimo makusudi ili ukuta ulingane kushoto na kulia maana kwa ndani kuna dohani hapo, yaani njia ya kutolea moshi. Sogea uangalie kingo, tofali zikiwa zimeshikana na za pembeni bila mkato basi inaelekea ilijengwa hivyo tangu mwanzo, ukiona rangi ya tofali au chokaa tofauti hapo pengine palizibwa baadaye.

Amsterdam nako wanasema nyumba zinainamia mbele kwa sababu zinaanguka. Zipo zilizolala ubavu kwa sababu ya misingi yake ya nguzo za mbao, lakini kuinamia mbele nyingi zilijengwa hivyohivyo. Angalia juu kabisa utaona boriti imechomoza na ndoano, mizigo ilivutwa kwa kamba kupitia nje, na ukuta ukiinama mzigo haugongi madirisha.

Na Mji Mkongwe Zanzibar, misumari ya shaba kwenye milango eti ya kuzuia tembo! Tembo gani Zanzibar? Mtindo huo unahusishwa na India, pale ni urembo na kuonyesha uwezo wa mwenye nyumba. Hata vyumba kuwa vyembamba sio ubahili, dari ilishikwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndo ulioamua upana wa chumba.

La mwisho ndo linaniuma zaidi, watu kudhani nyumba ikiwa ya urithi wa kihistoria basi ni makumbusho. Humo wanaishi watu, wanapika, wanalaza watoto. Baki barabarani, usichungulie dirishani, ukimkuta mtu kakaa barazani msalimie kwanza ndo uombe kupiga picha mlango wake, na akikataa shukuru uendelee na safari.