Ukitembea Msitu wa Amani, Usitoke Njiani

Masika yakikolea, njia za miguu zinazopanda kutoka Zigi, penye lango la hifadhi, kwenda Amani, wilayani Muheza, hugeuka utelezi mtupu. Hapo ndipo wageni wengi huanza kukanyaga pembeni kukwepa tope, au kuchukua njia ya mkato pale njia inapozunguka mteremko. Sisi tunaofanya kazi ya uhifadhi tungeombwa kukataza jambo moja tu, tungekataza hilo.

Simama kidogo mahali palipopitwa hivyo, utazame chini. Majani makavu yaliyofunika ardhi yameshatoweka, mizizi imebaki wazi, na udongo mwekundu umechimbika mfereji. Mvua inayofuata hupita humohumo, kwa sababu maji nayo hutafuta mteremko wa karibu. Udongo huo huishia kwenye vijito vya Mto Zigi, na mto huo ndio unaojaza bwawa la Mabayani, ambako jiji la Tanga hupata maji. Kwa hiyo hatua chache za mkato huku mlimani zina mlipaji wake kule pwani.

Amani ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, ya kwanza nchini Tanzania, ikiwa na eneo la zaidi ya hekta 8,000. Watu huijia ndege na vinyonga, lakini hazina zake nyingine ni ndogo na ziko karibu sana na miguu yetu. Saintpaulia, ua la zambarau linalopambia madirisha ya nyumba Ulaya na Marekani, asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya, na milima ya Usambara, ilimo Amani, ndiyo makao yake makuu. Huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, mara nyingi kandokando ya maji. Mizizi yake imeshikilia tabaka jembamba la udongo na kuvumwani, yaani utando wa kuvu na mwani unaoota juu ya mwamba. Ukiegemea mwamba huo upigwe picha, au ukiparamia kuukwea, unaubandua mmea mzima. Na tafadhali usiung'oe kwenda kuupanda nyumbani.

Viatu navyo vina habari yake. Clidemia hirta, kichaka cha kutoka Amerika ya kitropiki, kimeshaenea Usambara Mashariki. Tunda lake dogo jeusi lina mbegu nyingi ndogo mno. Ndege huzisambaza, na tope la viatu huzibeba vilevile. Palipochimbuliwa na kupata mwanga, kinachipua upesi. Kwangua soli zako kabla ya kuingia na baada ya kutoka, hasa ukiwa umetoka kutembea msitu mwingine. Kazi yenyewe ni ya dakika mbili, kijiti kinatosha.

Takataka urudi nazo, hata maganda ya machungwa. Kima akizoea chakula cha wageni, atahamia mashambani, na hasara itamwangukia mkulima wa kijijini.

Huyo mkulima ndiye mwenyeji wako. Njia nyingi unazozifurahia ni za watu waendao shambani, shuleni na sokoni. Ukikutana na mama aliyejitwika kuni au ndizi, mpishe: simama upande wa juu wa mteremko, yeye apite bila kuyumba. Mwamkie shikamoo kama amekuzidi umri. Usimpige picha kabla hajakubali, na usichume iliki wala matunda ukidhani yamejiotea. Misitu ya Usambara ina sehemu za matambiko pia. Mwenyeji akikwambia hapa hatupiti, rudi naye bila kubishana.

Ndiyo maana tunasisitiza uchukue mwongozaji wa palepale. Ulipe ada Zigi, kwenye stesheni ya zamani ya reli ya Wajerumani, na uulize njia ipi inapitika siku hiyo. Kama mvua imenyesha usiku kucha, kubali kupita barabara ya magari inayokatiza mashamba ya chai, na njia za mteremkoni uziache mpaka zikauke.